Toleo la Tatu la Mtondogoo

Miezi michache iliyopita kijana mmoja alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Alisema anakusanya majarida ya zamani ya Kiswahili, hasa yale ya hadithi za kisayansi yaliyotengenezwa na watu wa kawaida tu, wasio na kiwanda cha uchapaji wala mhariri, na mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba mimi nimekulia Bariadi. Akatoa karatasi nane zilizobanwa kwa pini yenye kutu. Kabla sijasoma neno, harufu ilikuwa imeshanifikia: wino wa mashine ya kudurufu, ule mzito wenye mafuta, na chini yake kitu kikali kama rangi ya kucha. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza.

"Hii ni nakala ya pekee," alisema. "Niliikuta katika duka moja Lamadi, ndani ya daftari kuukuu. Nimeona nakala nyingine mbili za toleo hili, lakini ni hii tu ambayo mchoraji aliitia rangi kwa mkono. Tazama macho."

Nilitazama. Macho ya bibi kizee kwenye ukurasa wa mbele yalikuwa mekundu.

"Unamfahamu aliyechora?"

Nikamwambia simfahamu. Alinishukuru akaenda zake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiambia kwamba nitaandika yaliyotokea, ili akirudi nimpe karatasi asome, nisilazimike kumtazama usoni.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya ofisi za ushirika wa pamba, na baba alikuwa karani wa mizani. Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Redio ilikuwa ikisema soko huria, soko huria, nami nilidhani ni soko lingine linalojengwa nyuma ya stendi, nikawa nachungulia kila nikitumwa chumvi nione limefikia wapi. Nilichokiona ni malori mageni yenye mizani yao wenyewe, yakinunua pamba barabarani, na baba akirudi nyumbani saa nne asubuhi kwa sababu hakuna aliyeleta mzigo wa kupima. Ofisini walibaki watu wachache wakilinda makabati. Miongoni mwao alikuwa Leokadia, mpiga chapa, dada mwembamba aliyekuwa akiishi kwenye nyumba za parokia, ambaye alikuwa na taipureta, mashine ya kudurufu, rundo la karatasi, na hana barua hata moja ya kuandika.

Kaka yangu Masalu alikuwa amemaliza kidato cha sita na kukosa nafasi ya chuo. Alirudi nyumbani na sanduku la magazeti ya Kizungu aliyopewa na padri mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Yalikuwa na picha za vyombo vya angani, miji iliyojengwa chini ya bahari, watu waliovaa vioo vichwani. Alinisomea huku akitafsiri, na pale asipojua neno alibuni, kwa hiyo hadi leo sijui ni hadithi zipi zilikuwa za Wazungu na zipi zilikuwa zake. Ni yeye aliyemshawishi Leokadia. Sidhani ilimchukua muda; alikuwa akimpenda, na sisi wadogo tulilijua hilo kabla yao.

Jarida waliliita Mtondogoo. Masalu alilipata neno hilo kwenye kamusi: kuna kesho, kuna kesho kutwa, kuna mtondo, na baada ya mtondo kuna mtondogoo. Alifurahi kwamba Kiswahili kina jina la siku iliyo mbali kiasi hicho. Lakini kwetu Kiswahili ni cha shuleni, nyumbani ni Kisukuma, na hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo. Mimi niliamini kwamba Mtondogoo ni mtu. Niliona jina lake kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, na chini yake maneno "Anakuja", kwa kuwa Masalu alitaka iwe kaulimbiu, nami nikawa naogopa kwenda chooni peke yangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata watu wazima waliulizana huyo Mtondogoo ni nani na anatoka wapi.

Kazi yangu ilikuwa kuchora. Leokadia alinifundisha kuchora kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi laini ya stensili, ile inayofungwa kwenye mashine ya kudurufu, bila kuitoboa. Tukikosea, alifungua kichupa chenye dawa nyekundu, akapaka juu ya kosa, akapuliza, na kosa likawa halipo. Katika yote niliyoyaona ofisini mle, hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Nilikuwa na miaka tisa, na nilidhani dawa ile haifuti maandishi tu, inafuta na jambo lenyewe.

Toleo la kwanza lilikuwa na hadithi ya mashine inayolima pamba mawinguni. La pili lilikuwa na hadithi mbili, na barua ya mpiga simu za upepo wa stesheni ya Malampaka aliyetaka kujua kama siku moja reli itafika kwenye nyota. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wetu mkubwa. Nakala zake zilikwenda kwa basi, naye alizigawa kwa abiria wa treni. Masalu aliisoma barua ile mara nyingi kiasi kwamba ilichanika kwenye mikunjo.

Kisha akaandika "Wavunaji".

Ilikuwa hadithi ya vikongwe ambao si vikongwe. Walitoka kwenye nyota nyingine, wakaingia katika miili ya bibi wazee wa vijijini, na kila alfajiri walivuna kitu kutoka kwa majirani zao waliolala, kitu kisicho na jina, na majirani waliamka wamechoka. Mtu angewatambua kwa macho yao, ambayo yalikuwa mekundu kwa sababu jua letu si jua lao. Sehemu ya kwanza iliishia pale mtoto anapopita kwenye nyumba ya bibi mmojawapo, na mlango unafunguka.

Leokadia aliichapa yote, kisha akaondoa mikono kwenye taipureta.

"Masalu, hii usiitoe."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Wewe ni wa hapa hapa, unajua bibi mwenye macho mekundu huitwa nini."

"Ndiyo maana naiandika," Masalu alisema. "Sehemu ya pili inaonyesha walichokuwa wakivuna ni magonjwa. Walikuwa wakiwaponya watu, na macho yanawaiva kwa kubeba homa za wengine. Msomaji ataogopa kwanza, halafu ataona aibu. Kama haogopi, ataonaje aibu?"

"Toa zote mbili pamoja basi."

"Karatasi hazitoshi. Mwezi ujao."

Leokadia hakubishana tena. Aliniita nichore ukurasa wa mbele.

Sikujua kuchora bibi kizee wa kubuni. Nilimjua mmoja tu vizuri. Bibi Holo alikuwa akiishi peke yake upande wa pili wa kichaka cha minyaa, mjane, mtu wa maneno makali, na alikuwa akituuzia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani. Kiangazi chote alikuwa mekoni. Kuni kwetu zilikwisha zamani. Tulipikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake hukaa machoni na kuyafanya mekundu. Nilimchora jinsi alivyokaa mlangoni, na bangili zake tatu za shaba, na kigoda chake chenye mguu uliofungwa waya, na sikio lake la kushoto lililochanika. Leokadia alisema nina mkono mzuri. Nililala na furaha.

Nusu ya nakala ziligawiwa siku ya gulio. Siku iliyofuata, shuleni, msichana wa darasa langu alinionyesha ukurasa wa mbele akasema, "Huyu si Bibi Holo?" Hakusema kwa ubaya. Lakini wengine walikuja kuangalia, na mmoja akasema kumbe ndiyo maana, na hakuna aliyemuuliza ndiyo maana ya nini.

Mchana huo niliingia ofisini Leokadia akiwa ameenda kula. Boksi lenye nakala zilizobaki lilikuwa chini ya meza, tayari kwa basi. Nilichukua kichupa cha dawa nyekundu nikaanza kuyafuta macho ya bibi, nakala moja baada ya nyingine, nikipuliza kama nilivyofundishwa. Niliamini nikiyafuta macho, na maneno ya watoto yatafutika. Nilikuwa nimemaliza kama kumi na mbili hivi niliporudi kuitazama ya kwanza. Dawa ilikuwa imekauka. Macho hayakufutika. Yalikuwa mekundu, yanang'aa, yananitazama. Nilizirudisha zote chini kabisa ya boksi, nikakimbia.

Sikumwambia mtu. Nakala zilikwenda, baadhi Malampaka, baadhi zikabaki mjini.

Wiki chache baadaye lilikuja lori na watu waliokuwa na orodha ya mali za ushirika. Walibeba makabati, mizani, taipureta, na mwisho mashine ya kudurufu, ikivuja wino kwenye ngazi. Baba alisaini kwamba ameshuhudia. Masalu alisimama uani akiwa ameshika sehemu ya pili ya hadithi yake mkononi, ameiandika kwa kalamu, kurasa sita, na hakukuwa tena na mahali pa kuichapa. Nadhani hata wakati huo alikuwa akisikitikia jarida tu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria kwamba tumewaachia watu hadithi iliyofika katikati.

Mvua za mwaka ule zilikatika mapema. Pamba ilinyong'onyea, na wanunuzi wa malori walipita mara moja hawakurudi. Kisha surua ikaingia. Mtoto wa fundi baiskeli alifariki, na siku tatu baadaye akafariki mdogo wake. Kwenye msiba nilisikia wanawake wakiongea kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, na nilisikia katikati ya Kisukuma hicho neno moja la Kiswahili, wavunaji. Nilipokaribia walinyamaza, wakanipa uji.

Jumamosi moja Bibi Holo alikuja kwetu. Mama alikuwa kisimani, nami nilikuwa nachambua mchele mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu, yaani habari za asubuhi, mama, kama anavyosalimiwa mtu mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwangaluka, bibi."

Alikaa chini akatoa karatasi kwenye upindo wa khanga. "Nimeikuta asubuhi mlangoni kwangu. Imepigwa msumari. Wewe upo darasa la tatu, nisomee."

Ilikuwa moja ya zile zenye macho mekundu. Nilishika karatasi, na mistari ikaanza kucheza. Juu kabisa, kwa kalamu ya risasi, mtu alikuwa ameandika jina lake.

"Inasema," nilianza, "inasema kuna bibi mmoja. Ni bibi mzuri. Ametoka mbali. Anawaponya watu homa. Watu wote wanamshukuru." Niliendelea hivyo hivyo. Nilichokuwa nikimsomea ni sehemu ya pili, ile ambayo Masalu alinisimulia jikoni, ile ambayo haikuwa kwenye karatasi. Niliongeza na ng'ombe wawili aliozawadiwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua karatasi, akaikunja taratibu, akairudisha kwenye khanga.

"Wabeja," alisema. Asante. Akaondoka bila kumngoja mama.

Jioni nilimwambia Masalu kuhusu msumari. Usiku ule ule alianza kunakili sehemu ya pili kwa mkono, na karatasi za kaboni, nakala tatu tatu, na Leokadia akaja kumsaidia. Jumatatu alikwenda kwenye mashine ya kusaga, mahali penye watu wengi, akasimama juu ya gunia la pumba na kuisoma kwa sauti. Nilikuwa nimeshika debe letu kwenye foleni. Aliisoma vizuri. Alipofika pale wanapobeba homa za watoto, aliurudia mstari mara mbili.

Fundi baiskeli, yule aliyefiwa, ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa upole kabisa.

"Kwa hiyo ni kweli wametoka huko."

"Hapana, baba. Ni hadithi. Nimeibuni mimi."

"Ile ya kwanza ilipigwa chapa ofisini."

"Ndiyo, lakini niliibuni."

"Mtu anabunije kwa mashine ya ofisi?" Hakuwa akikejeli. Alikuwa mtu aliyezika watoto wawili, akitaka kuelewa. "Na bibi ulimchora wewe?"

Masalu hakunitazama. "Ndiyo," alisema. "Mimi."

Watu walirudi kwenye foleni. Mashine ikaendelea kusaga. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtukana, na tulipokuwa tukirudi nyumbani kila tuliyekutana naye alitusalimu vizuri.

Alfajiri ya Alhamisi tuliamshwa na mwano, ule ukelele wa kuitana wakati wa hatari. Jua lilipochomoza paa la nyasi la Bibi Holo lilikuwa limeshaanguka ndani. Baba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Alirudi, akakaa, akamwambia mama kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa waya. Masalu alitoka mbio. Nilimfuata, nikamkuta akifukua majivu kwa mikono mitupu, na watu wamesimama mbali kidogo wakimtazama, wengi wao ni wale wale wa kwenye foleni.

Leokadia alikuja akamshika begani. "Hayumo humo," alimwambia sikioni. "Yuko kwangu. Ana siku tano."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Hata yeye, Masalu.

Walimsafirisha Jumamosi, kwa basi la kwanza, mpaka Malampaka, akapande treni kwenda Tabora kwa binti yake. Masalu ndiye aliyemsindikiza, kwa kuwa hakuna ndugu aliyejitokeza. Bibi Holo alisema nami niende. "Huyo msomaji," alisema, "aje." Mama alisita, baba akasema niende.

Njia nzima nilikaa katikati yao nikitazama magoti yangu. Tulipofika stesheni, yule mpiga simu alitoka kwenye kiofisi chake akiwa na furaha ya mtu anayekutana na rafiki aliyemjua kwa barua tu. Alimshika Masalu mkono kwa mikono miwili. "Toleo la nne lini? Watu wananiuliza kila treni. Nimewaambia mlango umefunguka, ngojeni muone." Kisha akamwona Bibi Holo, na bangili zake, na sikio lake. Akauachia mkono wa Masalu. Alituonyesha benchi, akarudi ndani, na Masalu akamfuata kushughulikia tiketi.

Tulibaki wawili. Nilijua kwamba nisiposema wakati ule sitasema kamwe.

"Bibi, siku ile nilikudanganya. Karatasi haikusema vile."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Wewe." Alikuwa akifunga vizuri kikapu chake, kitu pekee alichokuwa nacho. "Mimi sijui kusoma, lakini kanisani nawaona wasomaji. Macho yao hutembea. Yako yalisimama mahali pamoja. Nikasema, kama ni matusi mtoto angeyasoma, watoto hawaogopi matusi. Hiki anachoshindwa kukisoma ni kifo. Siku hiyo hiyo nikaenda kwa yule dada wa parokia." Alikaza fundo la kikapu. "Ungenisomea kweli, ningekwenda kugombana nao. Unanijua."

Nikamwambia na habari ya dawa nyekundu, kwamba nilikuwa nataka kufuta. Hilo lilimchukua muda zaidi. Alitoa karatasi, akaitazama picha kwa mbali, kisha kwa karibu, akapitisha kidole juu ya macho yale, kisha juu ya bangili.

"Kigoda umekipatia," alisema. "Sasa nisomee. Yote. Nitakuwa nayaangalia macho yako."

Nilimsomea. Nilisoma jina lake lililoandikwa kwa kalamu ya risasi, nikasoma kichwa cha hadithi, nikasoma kila mstari kuhusu vikongwe na nyota na kuvuna, polepole, kama tulivyokuwa tukisoma mbele ya mwalimu. Palipokuwa na neno gumu alinisimamisha nimweleze kwa Kisukuma. Abiria waliokuwa karibu walisogea kusikiliza hadithi, na hakuna aliyejua.

Masalu alirudi na tiketi treni ikiwa imeshasikika. Alinyoosha mkono kuichukua karatasi. Alitaka kuichana.

"Iache," Bibi Holo alisema.

"Bibi, nakuomba."

"Binti yangu ana watoto wanaosoma. Wataniuliza kwa nini nimekuja bila hata sufuria. Nitawapa wasome wenyewe." Akaiweka kwenye upindo wa khanga, akampa Masalu kikapu ampandishie. Masalu alisema kitu nilichokiona kwa midomo tu, kwa sababu ya kelele za breki. Sijui kama alimjibu. Bibi Holo aliingia ndani, akapata nafasi upande ule wa mbali, na hatukumwona dirishani.

Katika basi la kurudi nilikaa karibu na Masalu mpaka tukaiacha Malampaka nyuma. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya majivu, ameiweka wazi juu ya mapaja.

"Ulimsomea yote?"

"Yote."

"Alisemaje?"

Nilimwambia alichosema. Kwamba tulipofika pale mtoto anapopita na mlango unafunguka, alinishika mkono, akasema hata yeye ameogopa, akaniuliza kama mtoto huyo aliwahi kukimbia.

Masalu aligeuza uso dirishani, na hakuugeuza tena mpaka tulipofika nyumbani.